Sahani ya Mwenye Kiwanja

Mwalimu mstaafu alikuwa amemaliza sahani nzima ya tambi, kijiko na uma vimelala ubavuni, rojo bado iko kidevuni, ndipo akainua mkono na kusema kwa adabu zake zote, "Samahani, chakula changu bado hakijaja."

Mpishi alicheka. Alidhani mzee anatania, maana kila Alhamisi mchana alikuja na utani wake. Lakini mzee alikuwa anatazama jikoni kwa njaa ya kweli. Akaletewa sahani ya pili, akaimaliza, akaondoka akinung'unika kwamba siku hizi hapa mtu anakaa saa nzima bila kuhudumiwa.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na meza sita tu. Aliuanzisha mama yake mpishi, mwanamke wa Kithai aliyeolewa mjini hapo zamani, na Kiswahili chake kiliwashinda majirani kwa ufasaha. Magoti yalipomgomea alihamia kwa binti yake mkubwa, mtaa wa pili. Mpishi akarithi majiko, na mumewe akajipa cheo cha Meneja. Meneja wa meza sita. Alichapisha hata kadi.

Siku ya kuondoka, bibi huyo alimpeleka mkwewe uani, kwenye kijumba cha mbao kilichopigiliwa ukutani, kisichozidi sanduku la viatu.

"Kiwanja hiki kilikuwa na mwenyewe kabla hatujajenga," alimwambia. "Sahani ya kwanza ya kila siku ni yake. Mke wako anapika, wewe unampelekea. Usimpe makombo, na usimsahau."

"Jini, Mama?"

"Mwite utakavyo. Ila mlishe."

Akili ni nywele, na za Meneja zilikuwa zimeanza kupungua. Wiki moja alipeleka. Kisha akaona taabu. Dirishani, kwa mbele, kulikuwa na sahani za plastiki za kuwavutia wapita njia: tambi za plastiki, kamba wa plastiki, hata kipande cha ndimu kinachong'aa. Alichukua moja, akaipangusa vumbi, akaiweka kijumbani. Ile sahani halisi, aliyoipika mkewe kwa heshima, akawa anaila mwenyewe, amesimama uani.

Kesho yake aliikuta plastiki ina alama za meno. Aliziona vizuri sana. Akaigeuza upande ulioumwa ukatazama ukuta, akajitia hamnazo.

Njaa ilianza kwa wateja, ikahamia kwa mpishi. Kwanza alionja chungu mara mbili, mara tatu. Kisha akawa anamaliza bakuli zima la mchuzi wa kijani kabla ya saa nne asubuhi, na bado tumbo linamkwangua. Kwa wiki mbili alikula kuliko wateja wote, na akakonda kama ng'onda. Sketi aliifunga kwa pini. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha, wasione kitu. Meneja alimshikia mkoba kwenye foleni. "Huna minyoo kweli wewe?" alimtania mbele ya wagonjwa wengine, na mpishi akacheka naye, kwa sababu alimpenda na alikuwa anaogopa kufa.

Jumanne moja saa tisa alasiri, mlango wa mbele umefungwa wakingojea wateja wa jioni, mpishi alikuwa jikoni peke yake anaosha mchaichai. Akasikia mtu anatafuna. Sauti ilikuwa kavu, ya kitu kigumu kinachovunjwa kwa subira, na ilitoka uani. Akadhani ni paka, akagonga sufuria, sauti ikanyamaza, kisha ikaanza tena, sasa karibu zaidi, na pamoja nayo ikaja harufu ya plastiki inayoungua, ikaimeza harufu ya mchaichai mikononi mwake, na kila yalipokutana meno yale huko nje, utaya wake mwenyewe ulijibana, hata akatia kidole mdomoni kuuzuia, na kidole kikagusa kitu kigumu juu ya ulimi, akakitema kwenye sinki, kikalia kwenye bati: mkia wa kamba, wa plastiki, umetafunwa.

Alifungua mlango wa uani. Hapakuwa na mtu. Aliichukua sahani iliyokuwa kijumbani, akaigeuza, akaelewa.

Meneja alimkuta ameishika.

"Nani aliweka hii?" mpishi alinong'ona.

"Sijui. Labda mwosha vyombo."

"Hatuna mwosha vyombo."

"Basi labda mama yako. Uzee, mke wangu."

Bibi aliitwa, akaja na fimbo yake. Hakuuliza mengi. Alimketisha binti yake kitini pale jikoni, akapika wali kwa mikono yake, akaupeleka kijumbani, akawasha udi, na magoti yale mabovu akayapiga chini.

Jibu lilitoka jikoni, kinywani mwa mpishi, kwa sauti nzito ya mwanaume.

"Siku ishirini na mbili," ilisema. "Nimeandaliwa kama mgeni, nikatafunishwa takataka. Hata mbwa hafanyiwi hivyo."

"Tumekosa, mwenye mahali," bibi alisema polepole. "Mwache binti yangu."

"Yeye si mpishi? Aliyenipikia ndiye ninayemla."

"Aliyeandaa si yeye."

"Basi aseme aliyeandaa."

Meneja alikuwa amejibanza kando ya friji. Mkewe alikuwa amejikunja kitini, mbavu zinahesabika ndani ya blauzi, pumzi inakuja kwa kukatikakatika. Bibi alimgeukia mkwewe.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe si chako. Sema, mwanangu. Neno moja tu."

"Mama, haya mambo yanataka tukae, tuyazungumze vizuri..."

Inatia hasira hata kuisimulia. Mwanaume mzima, mkewe anakata roho mbele yake, naye anatazama vigae vya sakafu. Mpishi alimtazama akivitazama. Alikumbuka foleni ya hospitali, na mkoba wake mkononi mwa mtu huyu aliyejua kila kitu. Hasira ilimpanda ikawa kubwa kuliko njaa, ikaisukuma ile sauti nzito pembeni, na aliyesema sasa alikuwa yeye mwenyewe.

"Ni mume wangu. Mchukue."

Harufu ya plastiki ikaondoka. Mpishi alichota kijiko cha wali sufuriani, akameza. Wali ulishuka, ukatulia tumboni, ukabaki huko. Alilia kwa raha. Kando ya friji, Meneja alikuwa ameshika tumbo.

"Nitamwacha," ile sauti ilisema, safari hii kinywani mwake yeye, "siku mpishi atakaposema imetosha."

Hiyo ni miezi miwili sasa. Mgahawa unafanya kazi vizuri, na kijumbani kinakwenda chakula cha kweli. Meneja anakaa meza ya ukutani tangu asubuhi, anakula. Mkanda unamzunguka mara mbili. Kati ya tonge na tonge anasema taratibu, "Mke wangu, nimekosa. Ni mimi. Liseme tu hilo neno."

Kila jioni bibi humsogelea binti yake jikoni. Siku hizi huzungumza naye kwa sauti ya chini, kwa sababu ameanza kumwogopa.

"Leo utasema, mwanangu?"

Mpishi huonja mchuzi, huongeza chumvi kidogo. Uso wake umejaa, una nuru.

"Bado, Mama," humjibu, na kumpakulia mumewe sahani nyingine.