Mgeni Aliyepanda Ghorofa ya Nne

Majani makavu aliyoyafagia Siwema asubuhi ya Jumatatu hayakuwa mengi, yangejaa kiganja tu, lakini hayakuwa na sababu yoyote ya kuwa pale. Alikuwa akikaa ghorofa ya nne, Mchafukoge, mtaa ambao ukitaka kuona mti sharti ufumbe macho ukumbuke kwenu. Aliyakuta sebuleni, kati ya kochi na meza ya chakula, yamefuatana kuelekea mlango wa chumba cha bintiye. Akayazoa, akamlaumu mkwewe Hashimu kwa kuingia ndani na viatu, akajitanda ushungi akaenda dukani. Hashimu alishazoea kulaumiwa.

Mtu mwenye kutulia angejiuliza majani ya msituni yamepandaje ngazi. Lakini mwanamke wa Kariakoo hana nafasi ya kutulia. Siwema alikuwa ameuza khanga Mtaa wa Kongo miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo ilimwachia miguu iliyovimba, sukari, na mdomo usiomsikiliza mwenyewe. Mtu akipita mbele ya duka, awe mteja, awe mpita njia, awe mwizi anakimbizwa, mdomo wa Siwema ulifunguka: "Karibu mama, karibu ndani, kuangalia bure." Aliyasema hayo akila, akikunja mzigo, akigombana kwenye simu, wala hakuinua macho kuona anamwambia nani. Chiku, jirani yake wa duka, alikuwa akimtania kwamba siku Izraili akija atakaribishwa na kuonyeshwa doti mpya.

Ni Chiku huyo aliyempeleka msituni. Daktari alikuwa amemwambia Siwema atembee nusu saa kila siku, naye akamuuliza daktari atembee wapi, maana Kariakoo hutembei, unasukumwa, na mkokoteni utakugonga kisigino kabla ya hatua kumi. Basi Jumapili, siku moja kabla ya majani yale, Chiku akamchukua mpaka msitu wa hifadhi ulio upande wa Kisarawe, ambako wamechonga njia nyepesi kwa ajili ya watu wa mjini wasiopenda kuchoka. Njia yenyewe ni tambarare, ina vibao vya mishale, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni na mabenchi ya kupumzikia. Watu huja na watoto wao na chupa za maji baridi, wakapiga picha, wakarudi wakijisifu.

Chiku alitangulia na simu yake. Siwema akakaa kwenye benchi kutoa kijiwe kiatuni, kichwa chini, na nyuma yake akasikia mtu anapita juu ya majani makavu. Chakacha. Chakacha. Hatua za mtu asiye na haraka. Mdomo ukafanya kazi yake.

"Karibu, karibu ndani."

Hatua zikasimama. Alipoinua kichwa hapakuwa na mtu, akacheka peke yake, akafunga kiatu. Wala hakumwambia Chiku.

Jumanne nyumba ikaanza kunuka udongo uliolowa, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya maini mabichi yaliyosahauliwa nje ya friji. Siwema akamwaga dawa ya chooni, akafungua madirisha, akamgombeza Hashimu tena. Kilichomsumbua zaidi ni Maimuna, bintiye, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa hali chakula. Mimba mbili za kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, na Siwema ndiye aliyezifua zile shuka. Safari hii alikuwa ameweka nadhiri, amenunua nepi, na kila akisujudu alimwomba Mungu jambo moja tu. Kwa hiyo aliposikia Maimuna anaongea peke yake chumbani alisema ni mimba, wanawake wengi wenye mimba huwa hivyo, akajilazimisha kuamini.

Jumatano alirudi nyumbani saa sita na nusu mchana, jua kali, honi za mtaani zinasikika mpaka juu. Alipofungua mlango harufu ilimpiga usoni. Maimuna alikuwa anaizunguka meza ya chakula, peku, taratibu, mkono wake wa kushoto umenyanyuka kidogo juu, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mzima barabarani.

"Maimuna," Siwema aliita kwa sauti ya chini. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Natembea, mama." Hakugeuka. "Njia nyepesi. Haina mlima."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipotoka."

Ndipo Siwema akatazama chini, akaona nyayo za bintiye zimechubuka na vigae vimetapakaa damu mzunguko mzima wa meza, na akasikia kwamba kila Maimuna alipoweka mguu mmoja kulikuwa na mguu mwingine unaowekwa pembeni yake, mzito, juu ya vigae vitupu visivyo hata na vumbi, nao ulikuwa unalia chakacha, chakacha, kama pale sebuleni pana majani ya mwaka mzima.

"Kaa chini, mwanangu. Njoo ukae."

"Hataki nikae. Anasema wewe ulimkaribisha, na tangu aje hujampa kitu." Maimuna alinong'ona kama anayeogopa kusikika. "Anasema atachukua kilichomo ndani."

"Ndani ya nyumba?"

Maimuna akashika tumbo lake kwa mkono wa kulia, akaendelea kutembea.

Siwema alimrukia, akaukamata mkono huo na kuuvuta kwa nguvu zake zote, na hapo hapo mkono wa kushoto ukavutwa upande wa pili, ukanyooka mpaka bega likalia, na Maimuna akawa katikati yao, mdomo wazi bila sauti, tumbo limechongoka mbele, na Siwema, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwachia mtu kitu chake, alijua wazi kwamba akiendelea kuvuta watampasua mtoto wake vipande viwili, naye asijue aachie au ashikilie, mpaka adhana ya Adhuhuri ikapanda kutoka msikiti wa chini na ule mkono ukaachiwa ghafla. Wote wawili wakaanguka. Kwenye kochi, mto ukabonyea polepole, na haukunyanyuka tena.

Bi Mauza, mwanamke wa Kiarabu wa Upanga anayeuza udi na ubani Kariakoo, ndiye watu wanayemwendea mambo yakiwa hivi. Hana upole. Alipanda zile ngazi jioni ile akilaani goti lake, akafika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Shikamoo, Bi Mauza," alisema Siwema.

"Marahaba. Nyie hapa mna mgeni. Mlimtoa wapi?"

Siwema akamweleza msitu, benchi, hatua. Bi Mauza akamkatisha.

"Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

"Nilimwambia karibu."

"Karibu tu?"

"Karibu ndani."

Bi Mauza alimtazama kwa chuki ya mtu aliyeletewa kazi mbaya. "Ningekuwa namtoa aliyevamia, ningesoma, akatoka. Huyu umemwita mwenyewe. Nikimsomea ataniuliza mimi ni nani katika nyumba hii, na atakuwa na haki. Mgeni wa kualikwa hafukuzwi, Siwema. Anaandaliwa, anaagwa, anasindikizwa mpaka alikotoka. Na wa kumsindikiza ni mwenyeji wake, si mimi."

"Halafu?"

"Halafu unageuka unarudi. Usikimbie. Akiona unamkimbia atajua hukuwa unampenda."

Msitu ulikuwa umeshafungwa kwa siku ile, kwa hiyo walingoja kesho yake. Usiku wenyewe si wa kusimulia. Hashimu na Siwema walipokezana kumshika Maimuna kiuno hadi alfajiri, na miguu yake haikuacha kutembea hata alipolazwa kitandani.

Alhamisi baada ya Alasiri Siwema alibeba chano chenye halua, mayai, marashi na chetezo cha ubani, akasimama mbele ya kochi, akasema kwa adabu kwamba mwenyeji yuko tayari kumtoa mgeni wake. Mto ukanyanyuka. Hatua zikamfuata ngazi za ghorofa zote nne mpaka kwenye teksi ya Elimringi, kijana wa Kichaga asiyependa maswali. Siwema alikaa nyuma. Gari lilipoondoka, king'ora cha mkanda kikaanza kulia kwa ajili ya kiti cha mbele.

"Mama, umeweka mzigo hapa mbele?" Elimringi aliuliza.

"Endesha, baba."

King'ora kililia mpaka Ukonga. Hapo Elimringi akanyoosha mkono, akauvuta ule mkanda na kuufunga juu ya kiti kitupu, nao haukulala kwenye kiti, ulibaki umetuna hewani. Njia iliyobaki aliendesha akiwa ameegemea mlango wake.

Getini, mlinzi wa hifadhi, dada anayeitwa Euphrasia, aliandika jina la Siwema kwenye daftari. "Tunafunga saa kumi na mbili kamili, mama," alimwambia. Siwema akaitika, akaingia njiani. Alitembea kati ya mawe ya chokaa, chano mkononi, na pembeni yake chakacha, chakacha. Aliwapisha wazazi wawili na watoto wao waliokuwa wanatoka. Mtoto mdogo kuliko wote aliangalia kando ya Siwema, akajificha kwenye sketi ya mama yake.

Kwenye benchi akaweka chano, akauwasha ubani. "Nimekusindikiza mpaka hapa," alisema. "Uende salama."

Moshi wa ubani ukalala chini. Halua ikapungua, kama imechotwa kwa kiganja kipana. Kisha hatua zikaingia kwenye miti, zikafifia, zikapotea kabisa, na ndege wakaanza kulia. Simu ikaita. Alikuwa Hashimu.

"Mama, miguu imetulia. Ameomba uji, amekunywa bakuli zima. Amelala."

Siwema alilia pale pale kwenye benchi, kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Alifurahi namna ambayo hakuwahi kufurahi tangu siku ya kumzaa Maimuna mwenyewe. Akajifuta, akaanza kurudi taratibu kama alivyoagizwa.

Hakufika mbali. Chakacha. Nyuma yake, halafu pembeni yake, halafu sawa kwa sawa na mguu wake.

Akasimama. Nazo zikasimama.

"Inatosha," alinong'ona. "Rudi, nitafika mwenyewe."

Alipotamka maneno hayo ndipo alipoelewa, maana ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimwambia Bi Siti, jirani yao wa Ilala, kila jioni: mama humsindikiza Bi Siti mpaka kona, Bi Siti naye asikubali mwenzake arudi peke yake, humrudisha mpaka mlangoni, na mama huona haya, humtoa tena, wakaenda na kurudi mara tatu nne huku watoto wakiwacheka, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri akisindikizwa husindikiza, na huyu aliyekuwa pembeni yake, Mungu amlaani, alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi, na hangemwacha mwenyeji wake mpaka amfikishe mlangoni kwake, ghorofa ya nne, kwenye chumba alicholala Maimuna.

Alifika getini nazo hatua ziko ubavuni mwake. Elimringi alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Euphrasia alikuwa ameshika kufuli. Simu ikaita tena.

"Mama, chupa imepasuka," Hashimu alisema. "Tunaelekea hospitali. Anakutaka wewe, anasema bila wewe hawezi. Uko wapi?"

Siwema alitazama gari. Harufu ya udongo ilikuwa karibu na shavu lake, ikingoja kwa adabu.

"Mpeleke," alisema. "Mshike mkono, usimwachie. Mimi msiningoje."

Akazima simu. Akamwambia Elimringi aondoke, na Elimringi hakuuliza mara ya pili.

"Mama, nafunga," alisema Euphrasia. "Hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki ndani."

Siwema alikuwa ameshageuka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti na njia ilikuwa nyeupe kwa chokaa, tambarare, rahisi hata kwa mgonjwa. Akanyanyua mkono wake wa kushoto kidogo juu, na kitu cha baridi kikaupokea.

"Haya, twende," alisema. "Nikusindikize."