Jiwe la Fuwele Mbili

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja wa nyumba yao pale mtaa wa Cheyo, Consolatha alikuwa akiosha mawe yake. Alikuwa nayo mengi, lakini moja alilitunza kuliko yote: fuwele angavu kama kioo, na juu yake fuwele nyingine ndogo, nyeupe, zimeota kama punje za sukari. Si rahisi kuzipata aina mbili hizo katika jiwe moja. Jumatatu angelionyesha shuleni.

Jumamosi hiyo aliliona lina madoa ya kutu. Akakamua malimau bakulini, akalitumbukiza humo, kama mama anavyosafisha sinia la shaba Pasaka inapokaribia. Mchana rafiki yake Zamda alikuja, akalitoa, akaligeuzageuza, akalirudisha.

Jumapili, baada ya misa, Consolatha alilitazama. Madoa yalikwisha. Lakini zile nyeupe nazo hazikuwepo. Nani mwingine alilishika?

Tangu hapo kila alichofanya Zamda kilimtia shaka. Mbona kachelewa shuleni? Mbona kaukumbatia mkoba? Mbona anacheka peke yake?

"Umezibandua," Consolatha alimwambia Jumatatu wakati wa mapumziko.

"Nimebandua nini?"

"Fuwele zangu. Fungua mkoba."

Wenzao wakasogea. "Leo kibaka kapatikana," Shigela akadakia.

Zamda aliumwaga mkoba chini: madaftari, kalamu, na karanga za kuchemsha. "Nilikuletea wewe," alisema, akaziacha pale pale, akaondoka.

Mwalimu Leodgar wa sayansi aliyasikia yote. Akaliomba jiwe.

"Uliliosha na nini?"

"Limau, Mwalimu."

Ndani ya ufa ilibaki punje moja nyeupe. Mwalimu akaagiza limau jikoni, akaidondoshea. Punje ikatoa mapovu madogo madogo.

"Hizi nyeupe ni jamii ya chokaa," alisema. "Limau huziyeyusha. Zile angavu haliziwezi."

Consolatha alizitazama karanga zilizobaki chini.

"Jiwe utapata jingine. Ila Zamda umemwita mwizi mbele za watu. Kabla ya kumpekua mwenzako, jiulize kwanza mikono yako ilifanya nini. Na kwa kuwa ulimsema hadharani, kamwombe radhi hadharani."

Consolatha aliziokota karanga, akazipangusa, akaenda kusimama mbele ya Zamda. "Nilizimaliza mwenyewe kwa limau," alisema, wenzao wote wakisikia. "Wewe hukuchukua kitu. Nisamehe."

Zamda akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Zenye mchanga," alisema, "utakula wewe."