Mama Mdogo Kwenye Toleo la Asili

Ijumaa ile ya mwaka 1997, jua likiwa limebakiza kidole kimoja lizame, Ronny Onsongo alipaswa kuwa nyumbani Kiogoro akipaka viatu rangi kabla Sabato haijaingia. Badala yake alikuwa anapanda ngazi za nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Rasiklal, mjini Kisii, kwenda kufuta mzaha.

Mzaha wenyewe ulikuwa wake. Ronny alikuwa mtu wa vichekesho tangu shule ya msingi, mmoja wa wale ambao hata kwenye matanga hutafutiwa kiti mbali na jeneza. Sasa alikuwa mwalimu wa kompyuta. Chumba cha juu kilikuwa na mashine nne, mali ya Jigar, mwana wa Rasiklal. Mchana Ronny alifundisha watu kupiga chapa. Masomo yakiisha, vijana walibaki kucheza mchezo mmoja wa askari anayetembea kwenye korido za mawe akipiga majitu risasi.

Miezi miwili nyuma, Ronny alikuwa amejifunza kubadilisha sura za majitu hayo. Akachukua picha ya harusi ya binamu yake, picha ya zamani isiyo na rangi, akaipitisha kwenye skana. Akakata kichwa cha mama mmoja aliyesimama pembeni ya maharusi. Akakipandikiza juu ya mwili ulio uchi, wenye chungu cha moto mkononi, vile Wakisii wanavyosimulia mrogi, mchawi anayekimbia usiku.

Mama huyo alikuwa Kemuma, mjane wa baba mdogo wa Ronny.

Hapo msicheke. Kwa Wakisii kuna kitu kinaitwa ensoni, ile haya inayowekwa kati ya mzazi na mtoto kama ukuta. Mzazi haingii nyumbani kwa mwanawe ghafla. Hukohoa kwanza nje, mtoto ajistiri. Na mtoto hauoni uchi wa mzazi, hata kwa bahati mbaya. Akiuona, huchinjwa mbuzi, na kabla mbuzi hajachinjwa, mkosaji husimama mbele ya ukoo akasema kwa mdomo wake alichofanya. Kemuma alikuwa amemlea Ronny miaka mitatu mama yake alipougua. Kwa mila alikuwa mama kamili. Na Ronny alikuwa amemvua nguo, akawapa watu wampige risasi.

Vijana walicheka hadi wakashika kuta.

Mchezo ukawa na matoleo mawili, na Ronny akaandika amri mbili fupi za kuyabadilisha. Ukiandika ASILI, mashine ilirudisha faili za kiwandani na majitu yakawa majitu. Ukiandika MROGI, Kemuma alitokea korido nzima.

Kisha akaja Onchiri, kiongozi wa vijana wa Kiogoro, kuchapa barua ya kikundi. Akaona kioo. Akasogea.

"Huyu ni Kemuma wa kwetu. Nani amemweka hapa?"

Ronny, bila kutikisa uso, kwa ule ustadi wa kuchekesha alioujua, akajibu, "Mimi sijui. Mashine imemleta yenyewe. Hii kitu inajua watu."

Vijana walikaribia kuvunjika mbavu. Onchiri hakucheka. Alichukua barua yake, akaikunja mara nne, akaondoka.

Sasa, wiki tatu baadaye, Jigar alikuwa amesimama juu ya ngazi, futi ya kupimia kitambaa ikining'inia shingoni.

"Ng'ombe wa Ratemo, jirani wa Kemuma, alikufa Jumatano," alisema. "Kiogoro wanasema hata kompyuta ilimtaja Kemuma. Sabato ikiisha kesho jioni wanaenda kwake na kiberiti."

"Ilikuwa utani, Jigar."

"Wewe unajua ni utani. Mimi najua ni utani. Kiberiti hakijui." Jigar alizaliwa Kisii na aliongea Ekegusii, lugha ya huko, vizuri kuliko baadhi ya machifu. "Onchiri anakuja saa hii. Nimemwita mimi. Mwonyeshe matoleo yote mawili. Mwambie ulimtengeneza wewe, basi. Maneno matatu tu, rafiki yangu."

Akashuka kufunga duka.

Ronny akawasha mashine. Mvua ya jioni ilikuwa imeanza kupiga mabati. Akayajaribu maneno kimoyomoyo. Ni mimi nilimtengeneza. Yalikuwa matatu kweli, lakini kila moja lilikuwa na miiba kama ya samaki.

Onchiri aliingia akiwa amelowa. Hakuketi.

"Nionyeshe, mwalimu."

"Tazama," Ronny alisema. "Huu mchezo una sura mbili. Nikiandika neno moja, Kemuma anatokea. Nikiandika lingine, anaondoka. Mashine haijui mtu."

Akaandika MROGI. Kemuma akatokea na chungu chake cha moto. Ronny akaangalia kibodi, si kioo.

Akatoka kwenye mchezo. Akaandika ASILI. Mashine ikanguruma, ikanakili, ikatulia. Mchezo ukafunguka. Korido ya mawe... kona ya kwanza...

Kemuma.

"Umesema anaondoka," Onchiri alinong'ona.

"Nimekosea herufi. Subiri."

Akaandika tena, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kona ya kwanza. Kemuma.

Akafuta mchezo wote kwenye mashine, mpaka faili ya mwisho. Akafungua droo, akatoa disketi tatu za asili zilizoletwa na Jigar kutoka Nairobi. Akaweka ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Dakika kumi za kriii... kriii...

Mchezo mpya. Haujaguswa na mtu.

Korido ya mawe ilikuwa tupu. Hakuna jitu. Ronny akashusha pumzi, akageuka amwambie Onchiri, na hapo akasikia harufu. Moshi. Majani mabichi yaliyotupwa kwenye moto.

"Nani yule?" Onchiri aliuliza.

Mwisho wa korido, mtu alikuwa amesimama.

Hakuwa uchi. Alikuwa amevaa gauni refu na kitambaa kichwani, mikono imekunjwa tumboni, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kitambaa kilikuwa cha kijani.

Ronny hakuwa amechora gauni. Hakuwa amechora kitambaa. Na picha ile haikuwa na rangi.

Kisha yule mtu kwenye kioo akakohoa.

Kompyuta ile haikuwa na spika. Lakini kikohozi kilisikika, kifupi, cha adabu... kikohozi cha mama aliye nje ya nyumba ya mwanawe.

Onchiri alirudi nyuma hadi mlangoni. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa ugali. Ila alikuwa kiongozi wa vijana, na swali alilokuwa nalo aliliuliza.

"Mwalimu. Nakuuliza mara moja, mbele ya Mungu. Yule wa uchi. Ni wewe ulimvua nguo? Mama yako mdogo?"

Mvua ilipiga. Kwenye kioo, Kemuma alikuwa ameinua uso. Alikuwa anamtazama Ronny, si kwa hasira. Alikuwa anangoja tu, kama enzi zile Ronny alipovunja chungu, naye akamsimamisha jikoni mpaka aseme mwenyewe.

Ronny alifungua mdomo. Akaona ukoo mzima umesimama. Akaona mbuzi. Akaona wale aliowachekesha maisha yao yote wakimwangalia bila kucheka.

"Hapana," akasema.

Onchiri akatikisa kichwa polepole. Akashuka ngazi.

Ronny alipogeuka, korido ilikuwa tupu.

Alifika Kiogoro akikimbia, giza limekwisha kuingia na viatu vimejaa tope. Nyumba ya Kemuma haikuwa na taa. Akasimama uani, akihema, akitafuta namna ya kubisha. Kabla hajabisha, ndani kukakohoa.

Kikohozi kilekile.

"Ingia, Ronny."

Alikuwa ameketi gizani karibu na moto uliokufa. Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, uko miguuni. Ronny akawasha njiti, na njiti ikaonyesha kitambaa kichwani mwake.

Cha kijani.

"Mama, twende. Usiniulize. Nitakufikisha Nyamarambe kwa mjomba, leo hii."

"Sikuulizi." Akasimama, akajifuta majivu kwenye gauni. "Nimesimama sana leo, mwanangu. Mahali penye baridi, kuta za mawe. Nilidhani utasema."

Njiti ikamuunguza vidole.

Walisafiri usiku huo kwa pikapu ya Jigar. Jumapili asubuhi nyumba ya Kemuma ilikuwa jivu na mabati yaliyojikunja. Onchiri na wenzake walisema kompyuta ilithibitisha mara mbili, na mwalimu mwenyewe alikuwepo.

Jigar aliikagua mashine siku mbili. Alisema Ronny alinakili kinyume siku moja ya karibuni, akaweka faili zake juu ya zile za asili. Ndiyo maana ASILI ilimleta Kemuma yuleyule. Disketi nazo, labda Ronny aliwahi kuhifadhi kazi yake humo, akasahau. Inawezekana.

"Na kile kitambaa?" Ronny akauliza.

Jigar alizungusha futi yake kidoleni, akaizungusha tena. "Mimi sikukiona," akasema. "Usiniulize nisichokiona."

Kemuma aliishi Nyamarambe miaka sita, mgeni kwenye shamba la kaka yake. Migomba yake ya Kiogoro ilivunwa na wengine. Ronny alimpelekea sukari kila mwezi na kuiacha mlangoni. Mbuzi hakuchinjwa, kwa sababu mbuzi hachinjwi mpaka mtu aseme. Kemuma alipofariki, Ronny alichimba kaburi na watu, akatoa mizaha miwili mitatu, watu wakacheka.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alinunua kompyuta yake ya kwanza. Mpya, kwenye boksi, na mchezo wa mbio za magari ambao hakuna mkono uliowahi kuugeuza. Akauweka. Barabara nyeupe, milima, anga.

Pembeni mwa barabara, mbali, palikuwa na mwanamke amempa mgongo. Kitambaa cha kijani.

Ronny akatazama mlango. Nyumbani hapakuwa na mtu. Hata ukoo haukuwepo, hata mbuzi. Akasogeza mdomo karibu na kioo, akanong'ona.

"Ni mimi."

Mwanamke hakusogea.

"Ni mimi nilimtengeneza. Nilikuvua nguo, mama. Ni mimi."

Kile kichwa kikaanza kugeuka. Polepole... bega kwanza... kisha ncha ya kitambaa...

Ronny akachomoa waya ukutani.

Mpaka leo hajui angemwona na uso gani. Na nyumba ikitulia, pale penye kioo kilichozimwa husikika mtu akikohoa kidogo, kwa adabu, kama aliye nje ya mlango.