Saa ya Mama Liz

Kila jioni, akishafungia kuku, Caren alikaa mlangoni akitazama njia. Hakuna aliyekuwa akija, na yeye alijua. Binti yake Liz, wa miaka minne, alikuwa Homa Bay kwa nyanya yake, mama mzazi wa Caren. Caren alikuwa Suna, Migori, kwa mumewe Boaz. Alimwonea shauku mtoto wake mpaka chakula kikamshinda kumeza.

Ilikuwa mwaka wa 1996. Mwezi wa pili Caren alipasuliwa moyo Nairobi. Kilango kimoja cha moyo wake kilikuwa kimeharibika, akawekewa kingine cha chuma. Kililia ndani ya kifua: ti, ti, ti. Alipotoka hospitali alipitia Homa Bay kumwona Liz. Mtoto aliweka sikio kifuani, akacheka.

"Mama amemeza saa!"

Daktari alikuwa amemkataza kubeba vitu vizito kwa miezi mitatu. Basi Liz akabaki kwa nyanya, na Caren akaja Suna kutunzwa na mama mkwe wake, Bonareri. Huyo Bonareri alikuwa na moyo mwema na mdomo usiopumzika.

"Mama Liz, hizi dawa ni za nini?" aliuliza siku moja.

"Walisema ni za kupunguza damu, mama."

Bonareri aliacha kuchambua mboga. "Kupunguza? Wamekupasua, damu imemwagika, halafu wapunguze na ile imebaki? Hapana. Hapa kwangu tutaongeza!"

Wagusii, kabila la Bonareri, humpa mama aliyejifungua chinsaga, ile mboga chungu, ili damu irudi. Bonareri alimpikia Caren sufuria nzima, leo, kesho na kesho kutwa. Kisha akamwambia akate kila kidonge nusu. Caren alitaka nguvu haraka ili amfuate mtoto wake. Akala, na vidonge akakata.

Mwezi wa tano ulifika. Asubuhi ya safari, Caren alikunja gauni dogo la manjano alilomshonea Liz, akalitia mkobani. Akashika kikombe cha chai. Kikamponyoka. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alijaribu kumwita Boaz, lakini mdomo ulikwenda upande na maneno yakagoma kutoka.

Boaz alimkimbilia jirani yao Edinah, ambaye alikuwa muuguzi. Walipofika, mkono ulikuwa umeanza kurudi.

"Nimepona," Caren alisema. "Nipe mkoba, Baba Liz. Mtoto ananingoja."

"Homa Bay haitahama," Edinah akasema. "Mkono ukifa ganzi, mdomo ukipinda au maneno yakigoma, ni hospitali mara moja, hata kama imeisha."

Caren alilia njia nzima. Hakulilia mkono. Alililia gauni lililobaki mkobani.

Hospitalini walimpima damu. Ilikuwa inaganda upesi mno. Bonareri alikaa kando ya kitanda.

"Sista," alimwambia Edinah, "mimi nilikuwa naongeza damu tu."

"Najua, mama. Hilo neno kupunguza ndilo limewapoteza. Dawa hii haipunguzi damu hata tone. Inaizuia kuganda ovyo. Ukijikata kidole, si damu inaganda?"

"Inaganda."

"Sasa damu ikikutana na kile chuma, inataka kuganda hapo vilevile. Bonge likishika kilango, kinakwama. Likikatika, linaweza kwenda kuziba ubongo. Yaliyompata asubuhi ndiyo hayo."

"Na chinsaga imekosa nini?"

"Haijakosa. Lakini mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa. Ukila sufuria leo na kesho usile, dawa haijui ishike wapi. Ale kiasi kilekile kila siku. Kidonge asikate, asiruke, asiongeze. Na damu ipimwe kila daktari akisema."

"Damu ikikataa kuganda kabisa?" aliuliza Caren.

"Ndiyo maana tunapima. Ukiona fizi zinatoka damu, au choo cheusi, njoo upesi. Na usinunue dawa ya maumivu dukani, wala kunywa miti shamba, kabla ya kutuuliza."

"Na Liz?"

Edinah alimshika mkono. "Daktari anataka vipimo vitatu vizuri kwanza, kimoja kila mwezi."

Hiyo ilikuwa miezi mingine mitatu. Caren aligeukia ukutani.

Walirudi nyumbani. Bonareri alichagua bakuli moja la bluu, na chinsaga haikuzidi hapo tena. Saa moja jioni, redio ikianza taarifa ya habari, alipaza sauti hadi majirani wakasikia: "Mama Liz, kidonge! Kizima!" Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili pia. Cha tatu kilipotoka, Boaz alikwenda kukata tiketi.

Huko Homa Bay, nyanya alimleta Liz mlangoni. Mtoto alikuwa amerefuka. Alimtazama mgeni huyu mwenye gauni la manjano mkononi, akajificha nyuma ya nyanya. Miezi sita ilikuwa mingi kwa mtoto mdogo.

Caren alipiga magoti. Liz alisogea hatua moja, akasimama. Akasikiliza. Akasogea tena, akaweka sikio kifuani.

Ti, ti, ti.

"Nyanya," alisema bila kuinua kichwa, "ni mama."