Kiporo cha Mpika

"Tambi na ndizi mbivu, sahani moja," alisema Msomali mwenye lori la mafuta. "Unamenya ndizi yako, unaikatakata, unakula na tambi na nyama ya mbuzi. Hakuna kinachoshinda hapo."

"Ndizi mbivu ni tunda, bwana. Tunda na nyama wapi na wapi?"

"Wewe unayekula viwavi ndiyo unanisema mimi?"

"Viwavi na nshima, ugali wa kwetu, usiguse," akajibu Gibson, dereva wa Kizambia. "Vikikaangwa na nyanya na kitunguu, hata mama mkwe anakusamehe."

Mkongo wa meza ya pili akasema dunia nzima haijui kula isipokuwa kwao tu: fufu, kisamvu na samaki wa chumvi. Mwingine aliyewahi kufika Durban akaleta habari za mkate unaotobolewa tumbo ukajazwa mchuzi wa maharage, ukimaliza mchuzi unakula na bakuli lenyewe. Huyo wakamwambia ni mwongo.

Ndiyo maisha ya mgahawa wa Gwantwa, Tunduma, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva akikwama pale hana kazi. Anakula, anabisha, anakula tena.

"Dada Gwantwa, hebu tuamulie," alisema Gibson. "Wewe ndiye mpishi."

"Mbalaga," alijibu Gwantwa bila kugeuka. "Ndizi za Ileje na nyama yenye mfupa. Nyie wengine mnajaza tumbo tu."

Watson alikuwa amekaa ndani kabisa, karibu na jiko, mahali ambapo mteja haruhusiwi. Yeye hakuwa mteja. Alikuwa mchumba wa Gwantwa, dereva wa lori la kutoka Dar kwenda Kitwe, na Jumamosi ya wiki hiyo washenga wake walikuwa waende Ikinga kujitambulisha kwa wazazi wa Gwantwa. Mzee Yesaya, baba mtu, alikuwa ameanza kufagia uwanja toka Jumatatu.

"Wote mnapoteza muda," Watson akasema. "Chukua nshima ya jana. Ikate vipande, ichome kwenye sufuria na mafuta kidogo mpaka ishike ukoko. Weka na ifisashi iliyolala, zile mboga za karanga, maana ikilala ndiyo inakolea. Shushia na chai ya maziwa. Asubuhi hiyo hata bosi akipiga simu hupokei."

Meza zote zikampigia makofi. Hata Msomali alikubali. Gwantwa peke yake ndiye hakucheka.

"Hiyo unaila wapi?"

"Mpika, njiani kwenda Kitwe."

"Mpika kwa nani?"

"Hotelini tu, mama. Pale barabarani."

"Hoteli inauza kiporo?"

"Wale wanauza kila kitu," alisema Watson, akainuka. "Ngoja nimuwahi wakala wa forodha kabla hajaenda kula."

Akatoka anapiga mluzi.

Sasa wewe unayesoma, kama hujawahi kuuza chakula, nikufungue macho. Kiporo hakiuzwi. Mama ntilie akibakiza chakula anawapa wasaidizi, anampa jirani, au anakipasha kimya kimya na kuapa kimepikwa alfajiri. Hakuna anayemwambia mteja kwamba hii mboga imelala. Kiporo anakula mtu wa nyumba, aliyelala humo ndani na kuamka humo ndani. Na ili ujue mboga imelala, lazima uwe uliiona ikiwa macho.

Gwantwa alilijua hilo kabla Watson hajamaliza sentensi. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akachukua simu.

"Baby hiyo hoteli ya Mpika inaitwaje? Nataka niige chai yao."

Jibu likaja haraka.

"Haina jina my. Kibanda tu"

"Anapika nani?"

"Kuna bibi mmoja mzee hivi hana hata meno. Vp kwani?"

"Basi tu"

"Unanipenda?"

"Sana," aliandika Gwantwa, na ilikuwa kweli.

Judith, msaidizi wake, alikuwa anaosha sahani huku anamwangalia.

"Dada, una nini?"

"Watson ana mwanamke Mpika."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, sasa hivi. Wewe ulikuwa unapiga makofi."

"Kwa sababu ya chai? Dada, wanaume walivyo wachache, wewe unataka kumwacha mtu kwa sababu ya chai na ugali wa jana?"

"Sijasema namwacha. Nataka kujua."

"Ukishajua?"

Gwantwa alijifuta mikono kwenye khanga, akaenda mpaka meza ya Gibson na kumkuta amebaki peke yake na mifupa.

"Gibson, wewe na Watson mnatembea njia moja miaka yote. Mpika kuna hoteli inauza nshima ya jana?"

Gibson alianza kucheka, kisha akamwona usoni, akaacha.

"Awe, hapana, ba Gwantwa. Mimi ni dereva, siyo kamera."

"Jumamosi wanakuja kwetu. Baba yangu kaazima viti kanisani."

"Usiniingize huko, mulamu, shemeji yangu. Watson ni ndugu yangu."

"Na mimi ni nani? Ulipougua malaria hapa mpakani uji ulikuwa unaletewa na ndugu yako?"

Gibson alitazama mifupa, akatazama barabara. Mwisho akatoa simu, akatafuta namba, akapiga, na kabla haijapokelewa akailaza mezani.

"Naenda kunawa," alisema. "Mikono yangu ina mafuta sana. Nitachelewa."

Simu ikapokelewa.

"Mulamu Gibson, mmefika wapi? Huyo mwenzako hapokei simu yangu." Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kiswahili alikuwa nacho kizuri tu, cha watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Siyo Gibson, dada. Naitwa Gwantwa. Nauza chakula Tunduma."

"Aa, Tunduma. Kwenye mgahawa wa ndizi?"

"Ndizi napika, ndiyo."

"Basi nisalimie yule bibi yenu. Watson ananisumbua na zile ndizi zake, zile mbalaga. Kila akirudi ananiambia nipikie kama bibi wa Tunduma. Mwambie anifundishe, zangu zinaungua kila siku."

"Bibi yupi?"

"Yule mzee. Asiye na meno."

Gwantwa alishika ukingo wa meza.

"Dada, hapa hakuna bibi. Anayepika ni mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na meno?"

"Ninayo yote."

Upande wa pili, kwa mbali, mtoto alisikika akilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Mimi naitwa Nesta," alisema mwishowe, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Mke wa Watson. Tumefunga ndoa kanisani, tuna watoto wawili. Wewe ni nani wake?"

"Jumamosi anakuja kwetu kunichumbia."

"Jumamosi kaniambia ana mzigo wa Mbeya."

"Mzigo wenyewe ni mimi."

Hakuna aliyemtukana mwenzake. Nimesimulia visa vingi vya namna hii, na mara nyingi hapa ndipo matusi huanza. Hawa wawili walikaa tu kwenye simu kama watu waliofika msibani pamoja.

"Ifisashi kakwambia umpikie?" aliuliza Nesta.

"Mwaka jana wote. Nikanunua karanga, nikajifunza. Alikuwa anakula halafu anasema bado kidogo, bado kidogo."

"Na mimi ndizi vivyo hivyo. Bado kidogo." Nesta akavuta pumzi. "Nilikuwa nalia jikoni, dada. Nilidhani mimi ndiye sijui kupika."

"Unajua. Leo kakusifia mbele ya madereva wote."

"Utafanya nini?"

"Sijui," alisema Gwantwa. "Nampenda. Ila sikujua kama upo, na sasa najua."

Simu ilipokatika, Gibson alikuwa bado ananawa.

Watson alirudi jua likianza kuinama, bahasha ya nyaraka kwapani, uso umechangamka.

"Zimetoka, mke wangu. Leo navuka, keshokutwa nageuza. Jumamosi nipo Ikinga nimepiga suti."

"Nesta anakusalimia."

Watson hakuuliza Nesta yupi. Mpaka sekunde hiyo Gwantwa alikuwa amemwekea nafasi ya kujitetea, hata ya uongo mzuri, na nafasi yenyewe ikaisha hapo.

"Gibson ndiye kakwambia?"

"Umeniambia wewe, mbele ya watu. Wakakupigia makofi."

"Gwantwa, nisikilize. Mapenzi yangu kwako ni ya kweli."

"Naamini."

"Sasa tatizo nini?"

"Na kwa Nesta?"

Watson akakuna kichwa. "Ni ya kweli pia. Wewe ni mpishi, utanielewa. Mtu anaweza kupenda ugali na akapenda wali, na wala hajamkosea mtu."

"Wali hauna baba anayefagia uwanja akisubiri wageni. Wali haukai miaka miwili unakungoja mpakani."

"Ningekwambia."

"Lini?"

"Baada ya kujitambulisha. Mambo yakishatulia."

"Yaani mimi nikishakuwa mke wa pili bila kuulizwa, ndiyo mambo yametulia."

Judith alisimama mlangoni na taulo, hakuna aliyemwambia atoke. Watson akashusha sauti.

"Nipe nafasi moja. Niambie nifanye nini, nitafanya. Hata Nesta nikimwacha..."

"Usithubutu," alisema Gwantwa. "Usinibebeshe watoto wa mwenzangu. Nilikupenda, Watson. Hata sasa hivi unavyosimama hapo na hiyo bahasha nakupenda, na hilo ndilo linaloniumiza. Ila nyumba ya mtu siingii. Foleni yako imefika, nenda."

"Na washenga?"

"Waambie wasije."

Watson alisimama kidogo akitegemea labda ataitwa. Hakuitwa. Lori lilivuka jioni hiyo, na Gwantwa hakutoka kuliangalia kwa sababu alikuwa na wateja. Huko Mpika alipokelewaje, hilo ni la Nesta kusimulia.

Kazi ngumu ilibaki moja. Gwantwa aliiahirisha mpaka Ijumaa asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umepiga. Mama yako anauliza wageni wangapi, ajue ndizi za kumenya."

"Baba, wageni hawaji."

"Wamepata shida njiani?"

"Hapana. Ana mke, baba. Na watoto."

Mzee Yesaya si mtu wa maneno mengi hata siku za heri. Alikohoa, akakohoa tena.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Sijakwambia uape. Basi kesho njoo wewe."

"Naona aibu, baba. Majirani wote wameshaambiwa kuna ugeni."

"Na ugeni upo. Nitawaambia binti yangu anakuja nyumbani, wale hawalali njaa kwa hilo."

Jumamosi Gwantwa alimwachia Judith jiko, akapanda gari la Ileje, akafika Ikinga mchana. Viti vya kanisani vilikuwa vimepangwa. Wajomba walikuwepo, mashangazi walikuwepo, na wote walikuwa wameshaambiwa wasiulize kitu, jambo lililowatesa sana mashangazi. Chakula kilikuwa kile kile kilichokusudiwa washenga: ndizi, wali, maharage, na jogoo mkubwa kuliko wote pale nyumbani.

Mama yake alikaa naye mkeka mmoja.

"Ulimpenda?" alimuuliza polepole.

"Nampenda, mama. Hata leo."

"Najua. Umekonda."

Mzee Yesaya aliomba sala fupi, akafunua bakuli la kuku, akatafuta na kijiko mpaka akaipata firigisi. Pale kwao firigisi haimpiti baba mwenye nyumba, na siku ya ugeni wa uchumba hupewa mkwe. Binti hapewi. Mzee aliinuka na kile kijiko, akavuka mkeka wa wajomba, akaiweka kwenye sahani ya Gwantwa.

"Kaka, hiyo ni ya mkwe," alisema shangazi mmoja.

"Mgeni wangu wa leo ni huyu," alisema Mzee Yesaya, akarudi kukaa. "Kuleni."

Gwantwa aliila ile firigisi huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.