Muhogo wa Kumpokea Baba

Kila asubuhi Endje aliteremka kijitoni kukagua muhogo wao uliolowekwa. Kazi hiyo aliipenda. Tangu wakimbie vita na kupokewa mjini Bambari na Mama Yakosi, aliyewapa chumba na kipande cha shamba, huo ndio ulikuwa muhogo wao wa kwanza.

Jumamosi moja habari njema zilimkuta njiani. Baba, waliyepotezana naye siku ya kukimbia, alikuwa amevuka mto na angefika jioni.

Alipofika kijitoni, Endje akauminya muhogo. Ulikuwa bado mgumu, lakini alitaka Baba ale mangbere, mikate ya muhogo ya kufungwa majani, ya mkono wake. Akatoa vipande vichache, akavitwanga mpaka jasho likamtiririka, akafunga kwa majani na kuchemsha.

"Umelainika vizuri?" Mama aliuliza aliporudi kutoka shambani.

"Umelainika, mama," Endje alijibu, akitazama pembeni.

Baba alifika amekonda, lakini anacheka. Bona, mdogo wake Endje, alimpanda mapajani akakataa kushuka. Baba alifungua jani, akamega kipande cha kwanza na kumpelekea Bona mdomoni.

Endje aliingiwa na hofu. Alijua vyema kwamba muhogo mchungu usiokaa majini vya kutosha ni sumu.

"Baba, usimpe!" alisema kwa kilio. "Ulikuwa bado mgumu. Nimemdanganya mama."

Baba akakirudisha kipande. Mama alishika kichwa. Mama Yakosi, aliyekuwa ameketi nao, akayakusanya yale mangbere yote.

"We mtoto, ulitaka kumpokea baba yako au kumzika? Inuka, unga wangu upo. Njoo tusonge."

Punde wenzake walikuwa wakila gozo, ugali wa muhogo, kwa mboga ya majani ya koko yaliyoungwa karanga. Endje peke yake alikaa pembeni, amejaa aibu. Baba akamwita.

"Mwanangu, tumekimbia sana mpaka tumesahau kungoja. Mimi nimewangoja ninyi tangu mvua za kwanza, ningeshindwa kuungoja muhogo? Umekosea kudanganya, lakini umesema kweli kabla hatujala. Shika hiyo kweli. Pendo lisiloambatana na ukweli huweza kuua. Haya, kula."

Endje akala, na moyo wake ukatulia.

Kesho yake walishuka kijitoni pamoja. Endje akauminya muhogo uliobaki majini.

"Tayari?" Baba aliuliza.

Endje alimtazama usoni. "Bado, baba."

"Basi tungoje," alisema Baba, akaketi juu ya jiwe. "Sasa hatukimbii tena."