Sanduku la Mama Sindano

"Kitoe chombo hicho leo, la sivyo tunarudi na sururu!"

"Rudini! Pasi yangu ina makaa, na leo haijali uso wa mtu."

Aliyejibu ni fundi cherehani, mtaani wanamwita Mama Sindano. Aliyetisha ni jirani yake Pipa, muuza mafuta ya taa. Nyuma ya Pipa uani, watu walijazana.

Ugomvi ulikuwa wa sanduku dogo lenye chombo cha watafiti ndani. Watafiti hao walikuwa wamemwomba Mama Sindano kona ya stoo yake. Wakachimba, wakalifukia, wakasakafia. Tangu hapo maneno hayakwisha. Mara sanduku linaleta tetemeko. Mara linanasa umbea wa mtaa.

Zamani nyumba hiyo haikukosa mgeni. Viatu vilirundikana mlangoni. Sasa hata mwomba chumvi alipita mbali. Hilo lilimuuma Mama Sindano kuliko matusi.

"Si ukubali tu yaishe?" mumewe alinong'ona.

"Yaishe vipi, Baba Watoto? Leo wafukue sanduku, kesho wanichagulie mume? Nimetoa neno langu. Halitoki!"

Wakati huo mtafiti akaingia. Alikuwa binti mwenye kompyuta kwapani. Mama Sindano ndiye aliyemwita.

"Shikamoo mama. Shikamooni wazee. Kuna nini?"

"Chombo chako kinasikiliza mambo yetu," alisema Pipa.

"Hakinasi maneno, mzee. Kinapima mtikisiko wa ardhi. Hebu niambie, mafuta yakipungua pipani, unajuaje bila kufungua?"

"Nagonga. Penye mafuta pana mlio wake, na patupu pana wake."

"Basi dunia nayo hugongwa na tetemeko. Mtikisiko hupita ndani kwa ndani, ukatokea mbali. Sisi tunausikiliza. Kuna aina moja ya mtikisiko haipiti kwenye majimaji. Ikifika huko chini sana, hukwama. Kwa kusikiliza hivyo ndivyo tulivyojua kuwa juu kuna ganda, chini yake mwamba mnene wenye joto kali, kisha chuma kilichoyeyuka. Katikati kabisa kuna chuma kigumu."

"Si mchimbe tu mwone?"

"Shimo refu kuliko yote halijamaliza hata ganda."

Pipa alikuna kidevu. "Na tetemeko hakileti?"

"Kipimajoto kinaleta homa?"

Watu wakacheka. Binti akafungua kompyuta, kisha akakunja uso. Mistari ya mtikisiko ilikuwa imechafuka kama nywele za mtu aliyetoka usingizini.

"Mama, stoo kuna nini?"

"Cherehani yangu. Nimeihamishia humo nililinde sanduku. Nashona hapo hapo juu yake!"

"Basi mama, tunakusikia wewe tu! Dunia haipati nafasi ya kusema."

Hapo hata mumewe aliangua kicheko. Mama Sindano alisimama kidete.

"Haya, cherehani inatoka. Lakini sanduku linabaki. Mwenye sururu ajaribu."

Hakuna aliyejaribu. Jioni ile cherehani ilirudi barazani, mahali pake pa zamani. Kesho yake mwanamke mmoja alileta gauni la kupunguza, akakaa. Wa pili alikuja kusikia alichosema wa kwanza. Viatu vikaanza kurundikana.

Siku moja binti alirudi na karatasi. Juu yake mstari ulikuwa umetulia, kisha ukaruka, ukatulia tena.

"Hili ni tetemeko la ng'ambo ya bahari. Mtikisiko wake umepita ndani ya dunia mpaka hapa. Mama, sanduku lako limeusikia vizuri sana."

Pipa, aliyejifanya anapita tu, alisogea, akatazama kwa muda mrefu.

"Yaani huu umepita chini ya duka langu?"

"Chini ya duka lako, mzee, na mafuta hayakumwagika."

Mama Sindano aliacha kushona. "Jirani, sururu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, Mama Sindano."

"Basi vua viatu uingie. Chakula kinapoa."